Damu imetoka safi, daktari amejuaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, nina miaka 38. Nilianza kuumwa kichwa, shingo ikakaza, masikio yakawa yanavuma kama redio iliyokosa stesheni. Zahanati wakanipa dawa ya malaria. Wiki haijaisha, macho yote mawili yakaingia ukungu, hata kutunga uzi namwita mtoto. Duka la dawa wakanipa matone ya mzio. Hospitali ya macho ndiyo iliyosema nina ugonjwa uitwao Vogt-Koyanagi-Harada, nikaanzishiwa vidonge vya prednisoloni, vya kutuliza kinga ya mwili. Lakini damu yangu ilitoka safi! Wamejuaje? Sasa naona vizuri, ila uso umevimba. Niache vidonge?

JIBU: Marahaba, mama. Hakuna kipimo cha damu kinachoutaja ugonjwa huu. Walikuwa wanatafuta kaswende na kifua kikuu, maana navyo huharibu macho kwa namna inayofanana, na prednisoloni peke yake humzidishia mgonjwa wa kifua kikuu. Majibu safi yalifungua njia ya matibabu.

Mengine waliyapata kwako: kichwa, shingo na masikio kwanza, kisha macho yote mawili. Nadhani walikuuliza pia kama umewahi kuchomwa au kupasuliwa jicho, kwa sababu jeraha la jicho moja huweza kuleta ugonjwa kama huu katika yote mawili. Halafu wakakutanua mboni na kuangalia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kama imeinuliwa na maji. Picha ya OCT, inayopigwa kwa mwanga kuonyesha tabaka za retina, huyaonyesha maji hayo vizuri zaidi, ingawa mashine hiyo huipati kila wilaya.

Kinga ya mwili wako inashambulia chembe zinazotengeneza rangi. Chembe hizo zipo machoni, sikioni, kwenye utando wa ubongo na ngozini. Kwa hiyo kope zikigeuka nyeupe baadaye, usikimbilie kwa mganga. Kwetu Waafrika weusi ugonjwa huu ni adimu, zahanati siwalaumu sana. Wa duka la dawa nawalaumu: macho mawili kufifia ndani ya siku chache si mzio.

Vidonge usiache. Uvimbe wa uso unatokana na vidonge hivyo, nao utapungua dozi ikishuka, nayo hushushwa polepole, kwa kawaida miezi 6 au zaidi. Ukikata ghafla, ugonjwa unarudi na mwili unaweza kuishiwa nguvu vibaya. Rudi wakupime sukari, presha, na presha ya macho pia. Wanaweza kukuongezea dawa nyingine ya kutuliza kinga, azathioprini au methotreksati. Kama bado unapanga kuzaa, sema kabla hawajaandika hiyo ya pili, maana humdhuru mtoto tumboni.