Kwa mnaokuja kusoma Andhra Pradesh: wenzenu wakiwaambia "twende Tirupati"

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja kusoma India ya kusini, hasa huku Andhra Pradesh, mambo ya viza na hosteli na pilipili mtaambiwa na wengi, mimi naomba niongelee kitu ambacho huwa hakipo kwenye zile orodha za maandalizi. Ukikaa kidogo tu, kabla ya mitihani au baada ya matokeo, utaona darasa linapungua, mtu kaaga Ijumaa Jumatatu karudi kipara, dada mzima aliyekuwa na nywele mpaka kiunoni karudi kichwa kimenyolewa na ana furaha usoni. Ukiuliza, jibu moja: Tirumala. Usicheke na usimpe pole jamani, maana hajafiwa.

Tirupati ni mji uko chini, hekalu lenyewe la Wahindu liko juu milimani, Tirumala. Vilele viko saba na wao wanavihesabu kuwa ni vichwa saba vya Adisesha, yule nyoka ambaye Vishnu, mmoja wa miungu wao wakubwa, anapumzika juu yake, kwa hiyo kwa muumini kile kilima chenyewe ni kitakatifu kabla hata hajaliona hekalu. Aliyemo ndani ni Venkateswara, wengine wanamwita Balaji au Srinivasa, na wanaamini ni Vishnu aliyeamua kukaa duniani kwa ajili ya watu wa zama hizi za giza, Kali Yuga. Hapa ndo pa kushika vizuri kabla hujafungua mdomo: kwao ile siyo sanamu iliyochongwa na fundi, wanaamini imejitokeza yenyewe na ni Bwana aliye hai. Anaamshwa kabla ya alfajiri kwa kuimbiwa, anaogeshwa, anavishwa, anapelekewa chakula, usiku analazwa. Nimesikia wageni wenzetu wakisema "sanamu lenu" mbele ya watu na nikaona jinsi nyuso zinavyobadilika. Sema Swami, yaani Bwana, au Balaji, inatosha, wala imani yako haipungui kitu.

Sasa swali ambalo wageni wengi tunauliza ni "kwani wanaenda kuomba nini?" Swali halina ubaya ila linakupitisha pembeni. Kweli wanaomba, kazi, mtoto, kufaulu, lakini ukitaka kuelewa pale mahali angalia mtu anaacha nini akifika. Nywele kwanza. Kisa chao kinasema Srinivasa alipigwa kichwani na mchunga ng'ombe, sehemu ndogo ya kichwa ikabaki haina nywele, binti mmoja anaitwa Neela Devi akakata za kwake akampa, na Bwana akaahidi kwamba nywele zote zitakazotolewa pale zitakuwa za huyo binti. Ndo maana kuna jengo kubwa kabisa la kunyolea, Kalyanakatta, vinyozi wanafanya kazi mchana na usiku, tajiri na mbeba mizigo wanakaa chini pamoja na wakinyanyuka huwezi kuwatofautisha. Wengi wanatimiza nadhiri, yaani mama alisema mwanangu akipona nitatoa nywele, kapona, kaja. Sisi Waislamu tunaojua kunyoa baada ya Hija tunaweza kusogea karibu kidogo kuelewa, ingawa ibada ni nyingine na nia ni nyingine, usizichanganye.

Halafu pesa. Mtashangaa kuona watu wa kipato cha chini kabisa wakitumbukiza noti na dhahabu kwenye hundi, siyo ya benki, ni chombo kikubwa cha sadaka, na mtu wa nje haraka anasema biashara. Polepole. Simulizi yao ni kwamba Srinivasa alipotaka kumuoa Padmavati, binti wa mfalme, alikopa mali kwa Kubera, mweka hazina wa miungu, na lile deni linalipwa mpaka mwisho wa zama hizi, sasa muumini anapotoa anaona anamsaidia Mungu wake kulipa deni la harusi. Fikiria hiyo, Mungu anayedaiwa na anasaidiwa na maskini! Mimi nililifikiria hilo muda mrefu kuliko mengi niliyosoma darasani. Na pesa ile inaonekana inakoenda, kuna shule, hospitali, vyuo, na ukumbi wa chakula wa bure ambako maelfu wanakula kila siku bila kuulizwa kabila wala tabaka.

Kupanda ni kwa basi au kwa miguu. Njia ya Alipiri ina ngazi kama 3,550, kilomita tisa hivi, na utakuta watu wanapaka manjano na kumkum, unga mwekundu wa ibada, kwenye kila ngazi, kila moja, mpaka juu. Kuna sehemu kali inaitwa kilima cha magoti, wanasema mwalimu wao mkubwa Ramanuja aliipanda kwa magoti kwa kuogopa kuukanyaga mlima mtakatifu, na mpaka leo wapo wanaofanya hivo. Ukiamua kwenda na wenzako nenda kwa miguu, ndugu yangu, kwa basi utafika ila hutawajua. Kwenye ngazi ndo yule jamaa wa darasani asiyeongea anaanza kukusimulia kwa nini amekuja, na kila mkichoka mtu anapaza sauti "Govinda!", jina jingine la Bwana, na njia nzima inajibu.

Foleni usiilalamikie mbele yao. Kwa siku wanaingia watu 60,000 mpaka 80,000 na zaidi kukiwa na sikukuu, ya bure inaweza kuchukua saa nyingi sana, ipo na tiketi ya rupia 300 inayopunguza, na kwa maoni yangu ile ya bure ndo ina uzito wake, japo simlaumu mwenye mzazi mgonjwa. Baada ya kusubiri kote huko mtu anasimama mbele ya Bwana sekunde chache tu, watumishi wanasema "jarugandi, jarugandi", sogea, keshapita. Hicho wanachokiita darshan ni kumuona Mungu na Yeye akakuona, na rafiki zangu wote wanasema ukifika pale yale uliyopanga kuomba yanapotea kichwani.

Nasema "wanasema" kwa sababu mimi sikuingia ndani. Asiye Mhindu anatakiwa kusaini tamko kwamba anamwamini na kumheshimu Bwana Venkateswara, na ushauri wangu hapa hauna kona: kama moyo wako hauamini usisaini ili tu ukaone. Hakuna atakayekuchukia. Nilibaki nje, nikazunguka ziwa takatifu, nikakaa na wazee wa familia za wenzangu, na nilijifunza tele. Ni mmoja wa wazee hao aliyenisimulia habari za Bibi Nanchari, binti wa Kiislamu ambaye simulizi za watu zinamtaja kama mke wa Venkateswara, na kwamba kule Kadapa, kwenye hekalu linalohesabiwa mlango wa Tirumala, Waislamu huenda siku ya mwaka mpya wa Kitelugu (lugha ya watu wa Andhra), Ugadi, kama wanamtembelea binti yao kwa mkwe. Usiitumie kubishana na mtu wa dini yako, ijue tu, watu wa Andhra wameishi pamoja siku nyingi.

Mambo madogo: simu inaachwa nje ya hekalu, nguo ni za heshima za asili kama dhoti (shuka la kiume la kujifunga kiunoni) au sari au kurta, yaani shati refu, na suruali, nyama, pombe na sigara huko juu hakuna kabisa, msigawe vipeperushi wala kuhubiri dini nyingine maana sheria inakataza, na akina dada msivae maua kichwani kama mlivozoea kuona Andhra nzima, Tirumala maua yote ni ya Bwana. Kama ni mara yenu ya kwanza epukeni Brahmotsavam, sherehe ya siku tisa ya Septemba au Oktoba, mpaka mjue watu na njia.

Na hata usipoenda, laddu itakufuata hosteli. Mwenzako akirudi atakuletea kipande, duara tamu la unga wa dengu na samli, lililotolewa kwanza kwa Mungu. Kama dini yako inakuruhusu pokea kwa mkono wa kulia na ule palepale, usiweke mezani likakaa na usitupe hata punje. Kama haikuruhusu mwambie mapema kabla hajakupa mkononi, "kaka, nashukuru umenikumbuka, kwetu hiki hatuli, mpe jirani," na umuulize safari ilikuwaje. Atakaa akusimulie.