Ndege zinapita juu ya bati, jiji limekaa kimya tu?

Kaka, niko California karibu na kiwanja cha ndege, saa saba usiku jeti linapaa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mbona jiji halipigi marufuku?

Walishajaribu dada yangu. Mji wa Burbank, hukohuko kwenu, mwaka 1970 ulipitisha sheria ndogo kwamba jeti zisipae kuanzia saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Na cha kuchekesha, kwenye ratiba nzima safari iliyoguswa ilikuwa moja tu, ile ya Jumapili saa tano na nusu usiku, Oakland kwenda San Diego kupitia Burbank! Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, 1973 mji ukalala kwa kura 5 kwa 4. Hoja ni kwamba anga inasimamiwa na serikali kuu kupitia FAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, kila mji ukijipangia saa zake ndege zitarundikana saa zilizobaki na ratiba ya nchi nzima inavurugika. Mimi naona wale majaji wanne walioshindwa walikuwa na pointi, ila ndo hivyo.

Mbona kiwanja cha John Wayne, Orange County, usiku ndege kubwa haziondoki?

Pale kaunti ndo mwenye kiwanja, na ile hukumu ya Burbank haikumgusa mwenye mali. Halafu masharti yao ni ya zamani, Bunge la Marekani lilipobana mambo kwa sheria ya 1990, ya zamani yakaachwa yaendelee. Ukitaka jipya leo lazima ufuate utaratibu wa ile sheria, utafiti, notisi, na kwa jeti za kisasa mpaka FAA ikubali. East Hampton, New York, wanamiliki kiwanja chao, 2015 wakaweka marufuku ya usiku bila kupita njia hiyo, 2016 mahakama ya rufaa ikawazuia.

Sasa nimdai nani?

Mwenye kiwanja, tangu kesi ya Griggs ya 1962, sio shirika la ndege. Kabla ya hapo kuna kesi ya 1946 ya mfugaji wa North Carolina, Causby, ndege za jeshi zilipita kama futi 67 tu juu ya nyumba yake, kuku wakishtuka wanaruka wanajibamiza ukutani wanakufa, wakafika kama 150. Mahakama ikasema huko ni kuchukua ardhi ya mtu, alipwe.

Mi nataka tu madirisha mazito ya kuzuia kelele.

Ulizia hapo kiwanjani kama wana mpango huo, FAA huwa inachangia hela, ila nyumba iwe eneo la wastani wa desibeli 65 kwenda juu.