Ulisema ni uvimbe wa kizazi, ulitaka mkweo afikirie nini?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Lindi mjini, nimeolewa miaka tisa na tuna binti mmoja. Nilifika kilo 128. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo Dar es Salaam, ule wa matundu. Mimi na mume wangu tulikubaliana iwe siri, ukweni tukasema naenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Mama mkwe amekuja kuniuguza na sasa ni mateso. Ananipikia supu na uji wa mtama bakuli zima, ananisimamia mpaka nimalize, natapika karibu kila siku. Juzi alinifuata bafuni akauliza mbona mishono iko juu. Anawaambia majirani kwamba naisha. Wifi amenidokeza kuwa mama amemuuliza mume wangu kama hajafikiria kuoa mke wa pili. Na wiki mbili zijazo mtoto wa wifi anatoka unyagoni, wananitegemea jikoni. Mume ananitetea lakini kwa upole mno. Fedha za matibabu tulitafuta wenyewe, akiba ya saluni yangu, gereji ya mume na kidogo cha korosho, sikumwomba mtu. Nimwambieje huyu mama aondoke bila kuvunja heshima?*

*Mwenye Tumbo Dogo, Lindi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kisu. Kilo 128 kwenye joto la Lindi, magoti yanalia na watu wanakuita majina, sitakulaumu kwa kwenda kutafuta nafuu. Wanaosema ungefunga mdomo tu hawajawahi kubeba mwili huo hata siku moja.

Pole yangu inaishia hapo. Kabla ya mkwe, tuzungumzie kutapika, maana umekuandika kama ushahidi dhidi yake wakati ni ugonjwa wako. Kama ulifanyiwa upasuaji ule wa kawaida, umeondolewa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kilichobaki kina umbo la ndizi. Bakuli zima haliingii humo, hata likisimamiwa na malaika. Lakini mtu aliyekatwa tumbo akitapika siku baada ya siku, vitamini B1 humwishia upesi, na ikiisha mishipa ya fahamu huanza kuharibika: miguu inakufa ganzi, macho yanaona viwili viwili, mtu anayumba kama mlevi. Huenda pia njia ya chakula imebana. Kesho asubuhi nenda hospitali ya Sokoine, na mpigie daktari aliyekupasua. Na ukifika pale, tafadhali, usiwaambie nao kwamba ni uvimbe wa kizazi. Wakitaka kukupa dawa za maumivu kama diklofenaki, waambie kwanza tumbo limekatwa.

Sasa mkweo.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta huyo mama mbaya, sijamwona. Nimeona mwanamke aliyeacha nyumba yake, anaamka kusaga mtama na kuchemsha supu kwa ajili ya mke wa mwanawe. Umeandika "amekuja", hukuandika nani alimwita. Nami nakuuliza: wiki ya kwanza, ulipokuwa huwezi hata kuinuka kitandani, nani alimwogesha binti yako na kumpeleka shule? Mume yuko gereji. Bila shaka mlipiga simu ninyi wenyewe.

Na mlipopiga simu mlimwambia nini? Kizazi. Mwanangu, huku kwetu kuna maneno ya kuchezea, hilo halimo. Mama ana mjukuu mmoja kwenu katika miaka tisa, halafu anaambiwa mke wa mwanawe amekwenda Dar kupasuliwa kizazi, na mwanawe mwenyewe anatazama chini anapoulizwa. Unataka asifikirie kuwa ukoo umefungwa? Hilo swali la mke wa pili silipendi, na sitajifanya nalipenda. Lakini jiwe lile ulilitupa wewe, yeye limemwangukia tu. Nasikitika kusema kuwa mama huyu wiki tano nzima amekuwa akiuomboleza uzazi ambao haujaguswa.

Au amekwisha kushuku, na hapo ni pabaya zaidi. Ile ya bafuni umeiona umbea. Mimi nimeona mtu mzima mwenye akili. Matundu madogo manne au matano, yote juu ya kitovu, chini hakuna hata mkwaruzo. Mwanamke aliyezaa, aliyewakanda wazazi wengine kwa maji ya moto, anajua kizazi kinakaa wapi. Kwa hiyo anajua umemdanganya, ila hajui kuhusu nini. Anaona nyama zinapukutika wiki hadi wiki na kila akipikacho kinarudi. Huku kwetu mtu akikonda hivyo na akaficha sababu, unajua majirani wanamaliza sentensi kwa ugonjwa gani. Akisema "anaisha" anaomba msaada, maana ndani ya nyumba hakuna anayemjibu.

Kuna na korosho. Umezitaja mwishoni, "kidogo cha korosho", kama mtu anayepita na mzigo kwapani akiomba asiulizwe. Wewe una saluni, mume ana gereji. Mikorosho ni ya nani? Haioti kwenye oili chafu. Kama ni ya mama, au ni shamba analolima yeye na mumeo anakwenda mnadani kwa niaba yake, basi tumbo lako amelichangia bila kujua, nawe unaniandikia umwondoeje. Kama nimekosea, nitaomba radhi hapahapa. Ila nadhani sijakosea, na ndiyo maana mumeo anakutetea "kwa upole mno". Ataupata wapi ukali?

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mnajifungia wawili, simu ina nywila, akaunti ina nywila, mpaka ugonjwa una nywila, mnaita hayo ni mipaka. Sawa. Sisi tuliozeeka tulizidisha upande wa pili, hata mimba ya wiki tatu ilijulikana mpaka kwa mjomba Newala, na sikusifii hali hiyo. Lakini mtu anayetaka siri ya wawili na akae wawili, afue mwenyewe, apike mwenyewe. Ninyi mmemficha anayewafulia shuka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijaona barua iliyomfaa mwenye methali hiyo kuliko hii yako.

Aibu yako naielewa. Unaogopa aseme umelipia mamilioni kwa kitu ambacho angekuambia ufanye bure kwa kuacha maandazi. Huenda akasema. Utaishi.

Mwambie ukweli, kisha mpe kazi anayoijua. Mwambie tumbo lako sasa ni la mtoto anayeanzishiwa chakula: alianza na maji maji, sasa yuko kwenye vya kuponda, vipande vinakuja baadaye. Hakuna mama mkwe wa Lindi asiyejua kazi hiyo. Changu wa kuchemsha aliyetolewa miiba na kupondwa, yai, mtindi, choroko laini. Vijiko vichache mara nyingi, protini itangulie, maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa. Ugali wa muhogo usubiri ruhusa ya daktari. Uji wa mtama auweke kwenye kikombe cha kahawa. Mwambie pia nywele zitapukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita na zitarudi, asije akaanza kutafuta mganga. Vitamini utameza maisha yako yote, asidhani ni zile dawa nyingine. Na mimba daktari ataitaka ingoje mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa hiyo uliza njia ya uzazi wa mpango inayokufaa, kwa sababu mwili ukipungua mimba hunasa kwa urahisi.

Unyagoni nenda. Mabeseni na masufuria ya pilau usiyaguse mpaka daktari aseme, chambua mchele ukiwa umekaa. Mkweo akishajua, yeye ndiye atakayekuondoa jikoni kwa kelele.

Jioni moja mumeo akiwepo, na akae asikimbilie gereji, mkalishe mama mkekani. Usianze na uzito, usianze na Dar, wala usianze na kujitetea. Anza hivi: "Mama, kizazi changu ni kizima." Halafu nyamaza. Akilia mwache alie, akikufokea mwache afoke, wiki tano ni nyingi. Habari za korosho aziseme mumeo, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kisha niandikie, uniambie asubuhi yake amekupikia nini.