Usipeleke mradi wenu wa grafu kwenye wakfu kabla kila mwenye haki hajatia sahihi

Simamisheni hilo pendekezo. Umeandika kwamba Ijumaa mtawasilisha kwa wakfu wa Apache, shirika linalolea programu huria, mradi wenu wa kukokotoa grafu (mitandao ya nodi na viungo) za mabomba ya maji, kwamba mko wanne pale Kakamega na mwenzenu mmoja ameajiriwa Nairobi, na kwamba masuala ya haki mtayashughulikia baadaye kwa sababu mshauri wenu amesema leseni iliyo kwenye hazina ya msimbo, yaani pale programu yenu inapohifadhiwa, inatosha. Sentensi hiyo ya mwisho niliisikia mwaka 2021 hapa Nakuru, karibu neno kwa neno, na ilitugharimu miezi tisa, shilingi 280,000 na urafiki ambao mpaka leo haujarudi ulivyokuwa. Umeuliza wakfu upi unawafaa, walezi wanaouongoza mradi mpya ndani ya wakfu wanapatikanaje na seva hulipiwa na nani. Ni maswali mazuri, lakini majibu yake hayatawasaidia chochote ikiwa msimbo mnaotaka kuutoa si wenu kuutoa.

Mradi wetu tuliuanza mwaka 2017, watu watatu, katika chumba kilicho juu ya duka la pembejeo hapa mjini. Kazi ya kwanza ilikuwa malori ya maziwa yanayotoka Molo, Elburgon na Njoro: kila kituo cha kukusanyia maziwa tulikifanya nodi, kila barabara tukaifanya kiungo, na uzito wa kiungo ukabadilika kwa majira, kwa maana barabara inayopitika Januari huenda Aprili ikawa tope tupu. Baadaye programu ilikua ikawa injini ya kukokotoa grafu kubwa kwa mashine nyingi kwa pamoja, kwa mtindo ulioelezwa na wahandisi wa Google mwaka 2010 kwa jina la Pregel, ambapo kila nodi hupokea ujumbe wa jirani zake, hupiga hesabu yake, kisha husubiri wenzake wamalize ndipo duru inayofuata ianze. Aliyewahi kujenga kitu cha namna hiyo anajua kwamba ugumu uko katika kuigawa grafu, kwa sababu ukiigawa vibaya, mashine zako zitashinda zikitumiana ujumbe badala ya kufanya kazi. Sehemu hiyo ya kugawa iliandikwa na mwenzetu wa tatu. Ilikuwa ndiyo sehemu bora kuliko zote, na ndiyo iliyotuzamisha.

Mshauri wetu alikuja kwa mafunzo ya siku mbili, tukamlipa shilingi 60,000. Alitusomea kifungu cha 5 cha leseni ya Apache, toleo la 2.0, kinachosema kwamba mchango wowote unaowasilishwa kwa makusudi uingie katika kazi hiyo unakuwa chini ya masharti ya leseni hiyo hiyo, isipokuwa mchangiaji aseme vinginevyo. Kisha akafunga tarakilishi yake na kutuambia kwamba kwa hiyo kila kitu ni safi, tutangaze tu. Sina maneno mengine ya kumweleza mtu huyo ila kwamba alilipwa kwa jambo asilolijua, na alilisema kwa uhakika uliotufanya tuone haya kuuliza mara ya pili. Hakutuuliza hata swali moja kuhusu ni nani aliandika nini, wapi, akiwa ameajiriwa na nani. Mtu anayepokea pesa kuwaongoza watu katika kuhamisha mali, na asiulize mali ni ya nani, amewadhulumu hata kama hakukusudia.

Kifungu hicho kinafanya kazi pale tu ambapo anayechangia ana haki ya kutoa anachokitoa. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika shughuli za ajira yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, na kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kuwe na makubaliano tofauti kati yao. Programu za kompyuta zimo katika sheria hiyo, zikihesabiwa pamoja na maandishi. Yasome tena maneno hayo kuhusu kazi iliyoagizwa, kwa sababu vijana wengi wa huku Magharibi na Bonde la Ufa tunaishi kwa kazi za kuagizwa, na hatuandikiani chochote zaidi ya ujumbe wa simu wenye bei. Wakfu wa Apache wenyewe haufichi jambo hili. Hauchukui hakimiliki ya msimbo wako, lakini unataka mwenye msimbo uliopo atie sahihi hati ya kuutoa, na kila anayekabidhiwa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye hazina atie sahihi mkataba wa mchangiaji, ambao ndani yake anathibitisha kwamba ana haki kisheria na kwamba, ikiwa mwajiri wake ana haki juu ya anachokiunda, mwajiri huyo amemruhusu.

Sisi tulitangaza kwanza. Tuliwaambia watumiaji wetu, tuliwaambia wafugaji, tuliandika kwenye kurasa zetu zote kwamba mradi unahamia kwenye wakfu. Wiki mbili baadaye mlezi mmoja wa kujitolea, mtu mpole ambaye hatukuwahi kukutana naye ana kwa ana, akatuandikia swali la mistari miwili: msimbo huu ni wa nani, na nani atakayetia sahihi hati ya kuutoa? Jioni hiyo tulikaa na daftari la kurasa 96 na kalamu mbili, nyekundu na ya buluu, tukapitia kumbukumbu za mabadiliko tangu siku ya kwanza. Kila badiliko hubeba jina na anwani ya barua pepe ya aliyeliandika. Buluu ilikuwa kwa anwani za binafsi, nyekundu kwa zile tusizokuwa na uhakika nazo. Kufikia saa nne usiku kurasa za sehemu ya kugawa grafu zilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini: mabadiliko 412 ya mwenzetu yalibeba anwani ya kazini kwake, kwa sababu alikuwa akiandika kwa tarakilishi ya ofisi, usiku na Jumamosi, na hakuwahi kubadilisha mpangilio ule. Nakumbuka alivyoweka kidole juu ya mstari mmoja na kusema, "Hii niliiandika nikiwa kwa mama, Bungoma, wakati wa Krismasi." Ilikuwa kweli, na haikutusaidia, kwa kuwa mkataba wake wa ajira ulisema chochote anachokiunda kwa vifaa vya kampuni ni cha kampuni.

Tulimwandikia mwajiri wake kwa adabu. Jibu lilichukua wiki sita, likaja kwa barua ya mawakili. Hawakusema wanautaka msimbo, wala hawakusema hawautaki. Walitutaka tusimamishe kila kitu hadi watakapoutathmini, kisha wakanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikotumaliza, maana huwezi kujadiliana na mtu asiyejibu, na wakfu hauwezi kupokea kitu ambacho mwenyewe hajasema kitu. Wakili wetu alichukua shilingi 140,000 ili kutueleza kwamba njia ya haraka ni kuiondoa sehemu ile yote na kuiandika upya, na iandikwe na mtu ambaye hajawahi kuusoma msimbo wa awali. Mwenzetu, aliyeijua kazi hiyo kuliko sote, hakuruhusiwa hata kujibu maswali. Tulimlipa mwanaprogramu mwingine shilingi 80,000, kidogo mno kwa kazi ile, naye akaandika kwa miezi tisa huku mwenye ujuzi amekaa kando akitazama. Nadhani hapo ndipo urafiki ulipovunjika. Kwa muda huo hatukutoa toleo hata moja, na wengi waliokuwa wakitumia programu yetu walihamia kwingine.

Lipo jambo ambalo watu wenye uzoefu watakuambia, nami nakubali kwamba ni kweli: kipindi cha malezi ndani ya Apache, yaani muda ambao mradi mpya huongozwa kabla ya kukubaliwa kikamilifu, kimewekwa kwa sababu hiyo hiyo, ili mradi usafishe masuala ya haki kabla ya kuhitimu. TinkerPop, ambayo karibu kila mtu wa grafu anaijua kwa lugha yake ya kuulizia grafu iitwayo Gremlin, iliingia malezini Januari 2015 ikahitimu Mei 2016. Kanuni zinaruhusu uingie ukiwa hujamaliza. Ninachokataa ni kuichukulia ruhusa hiyo kama ushauri. Ukimwendea mwenye haki kabla hujatangaza, unamwomba sahihi kwa jambo ambalo bado halina thamani machoni pake, na mara nyingi atatia. Ukimwendea baada ya kutangaza, tayari anajua kwamba unamhitaji, na kuanzia hapo mazungumzo yanahamia kwa mawakili.

Nina ushahidi wa hilo ndani ya mradi huo huo. Sehemu ya kutafuta njia fupi ilikuwa imeagizwa na chama cha ushirika cha wafugaji kwa shilingi 180,000, bila mkataba wa maandishi, na kwa hivyo huenda ilikuwa mali yao. Hao tulikuwa tumewaona mwaka mmoja mapema, kwa sababu nyingine kabisa, tukawaeleza kwa utulivu kwamba tunataka watu wengine pia waitumie. Wazee wa kamati walinywa chai, wakauliza kama malori yao yataendelea kuhudumiwa, katibu akaandika barua ya kuturuhusu, mwenyekiti akagonga mhuri. Ilikuwa alasiri moja tu. Kuna pia kijana aliyekuwa akisoma Maseno alipotuandikia faili moja ya kusoma data, kisha akaenda kufanya kazi Qatar na simu yake ikazimika. Tulimpata kupitia mama yake anayeuza mboga soko la Luanda, ambaye alitutazama kwa shaka hadi tulipomwonyesha jina la mwanawe kwenye orodha ya wachangiaji, ndipo akatoa namba. Kijana alituma mkataba wake ukiwa na sahihi siku iliyofuata. Watu si wabaya. Ukiwauliza mapema na kuwaeleza vizuri, wengi hukubali.

Usijilinganishe na miradi mikubwa unayoisoma. Giraph, injini ya kukokotoa grafu, ilitoka Yahoo ikaingia Apache mwaka 2011, HugeGraph, hifadhidata ya grafu, ikatoka Baidu ikaingia mwaka 2022. Katika miradi ya namna hiyo sehemu kubwa ya msimbo ina mwenye mali mmoja, anayejulikana, na ana idara nzima ya sheria ya kumwandalia karatasi. Sisi tunaokusanya msimbo kwa marafiki, kwa kazi za kuagizwa na kwa wanafunzi wa mafunzo ya muda ndio wenye wamiliki wengi, na kila mmoja wao anaweza kuzuia safari yote.

Na jina lihesabu pamoja na msimbo. Leseni hiyo hiyo ya Apache, katika kifungu cha 6, inasema wazi kwamba haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za biashara za mwenye kazi, kwa hiyo unaweza kuwa na kila mstari wa msimbo na usiwe na jina. Waundaji wa Hudson, programu ya kujenga na kujaribu programu nyingine, walilijua hilo mwaka 2011, Oracle ilipodai jina, nao wakaendelea kwa jina la Jenkins. Kwa upande wa grafu, kampuni iliyoiunda Titan, hifadhidata ya grafu, ilinunuliwa na DataStax mwaka 2015, na waliotaka kuendeleza msimbo wake walianza upya kwa jina la JanusGraph, lililotangazwa chini ya wakfu mwingine, Linux Foundation, mwaka 2017. Sisi anwani ya tovuti yetu ilikuwa imesajiliwa na mshauri wetu kwa jina lake mwenyewe, kwa kisingizio cha kuturahisishia mambo, na mpaka leo hajaiachia. Ndiyo maana sitaji jina la zamani la mradi hapa.

Kwa hiyo Ijumaa isiwe siku ya kuwasilisha pendekezo. Kaeni wote wanne mfungue kumbukumbu za mabadiliko, muandike kila jina, kila anwani, na kando ya kila jina muandike aliajiriwa wapi mwaka ule na nani alilipia kazi ile. Kama kampuni ya maji ndiyo iliyowalipa kwa ramani ya mabomba, barua yake muipate kwanza. Ambaye sehemu yake ilifutwa zamani pia mtieni kwenye orodha, hadi mhakikishe kwamba hakuna mstari wake uliobaki. Anwani ya tovuti iangalieni imesajiliwa kwa jina la nani, na kama ni la mshauri wenu, ihamisheni kabla hamjamwambia kwamba mmebadilisha nia.

Mwenzenu wa Nairobi mpigie simu leo jioni. Mwambie afungue mkataba wake wa ajira atafute panapozungumzia vifaa vya kampuni na kazi za nje ya saa za kazi, kisha aende kwa mkubwa wake yeye mwenyewe, kwa mdomo kwanza, kabla barua yoyote yenye jina la wakfu haijafika mezani pale. Na kuanzia usiku huu asiandike tena hata mstari mmoja kwa tarakilishi ya ofisi.