Kobe, LeBron au Curry: mechi ikibana unampimaje mchezaji?

SWALI: Shikamoo kocha. Tunabishana na washkaji nani mkali zaidi mechi ya kikapu ikibana, Kobe Bryant, LeBron James au Stephen Curry. Mmoja wetu anahesabu mashuti ya mwisho tu, basi. Nyie wenye kazi yenu mnapima vipi?

JIBU: Marahaba. Mashuti ya mwisho peke yake yatawadanganya, sababu ni machache mno hata kwa mtu aliyecheza miaka 20, afu watu wanakumbuka yaliyoingia tu. NBA wenyewe, ligi ya kikapu ya Marekani, wanahesabu dakika 5 za mwisho za robo ya nne au muda wa nyongeza, tofauti isizidi pointi 5, na tangu msimu wa 2022-23 kuna tuzo kabisa ya hizo dakika, akaanza De'Aaron Fox, akafuata huyo huyo Curry, halafu Jalen Brunson. Kwa hiyo anayesema Curry anapotea mechi ikibana mwambieni aanzie hapo.

Mi naangalia mpira ukiwa kwa mchezaji, timu inaambulia nini: shuti zuri, faulo, pasi kwa aliyeachwa wazi, au mpira unapotea? Dakika hizo mchezo unapoa, mashambulizi ya kushtukiza yanapungua, kila timu inamsaka mkabaji dhaifu. Rudieni fainali ya 2016, Cleveland ya LeBron na Golden State ya Curry, mechi ya 7 ya kuamua bingwa, ubao 89-89, dakika zinapita hakuna anayefunga. Kyrie Irving wa Cleveland alikuwa anakabwa na Klay Thompson wa Golden State, akaja J.R. Smith, mwenzake Kyrie, kuweka skrini, yaani kumzibia mkabaji njia kwa mwili, ili Curry ndo abaki na Kyrie, na hapo ndo Kyrie akapiga ile ya pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 53. Shuti lilikuwa gumu kweli, ila kazi ilianzia kwenye skrini, na ndo sababu nasema ukabaji nao uhesabiwe. Muda mfupi kabla ya hapo LeBron alishamkimbiza Iguodala wa Golden State akamzuia asifunge, kitu ambacho kwenye hesabu ya mashuti ya mwisho hakimo kabisa.

Kobe naye akiwa na Lakers, mechi ya 7 ya fainali ya 2010 na Boston, aliingiza mashuti 6 kati ya 24. Mbaya sana hiyo! Lakini alichukua ribaundi 15, yaani mipira ya mashuti yaliyokosa, na robo ya nne akawa anaenda kwenye mitupo huru, na pasi ya ile pointi tatu ya mwenzake Ron Artest dakika za mwisho ilitoka kwake, Lakers wakashinda 83-79.

Sasa nikichagua: shuti moja gumu, watu wawili wamekung'ang'ania, nampa Kobe, sababu miguu yake na namna ya kujitengenezea nafasi sijaona wengi wanaomfikia. Dakika zote 5 nampa LeBron, anasoma ulinzi mapema na pasi inafika kwa wakati. Nikiwa naongoza pointi 2 na wapinzani lazima wafanye faulo, mpira uende kwa Curry bila mjadala, mitupo huru anaingiza karibu 91 kwa kila 100.

Mkitaka kumaliza ubishi chukueni mechi nzima nzima zilizobana, anzieni zikibaki dakika 5 mpaka mwisho, muandike kila shambulizi liliishaje, hata yale ambayo hakupiga yeye.