Ukuta wa wapita njia: sentensi kwanza, rangi baadaye

Mpe mtu ukuta mtupu na chaki, ataandika jina lake na kuondoka. Mpe nusu ya sentensi, ataimalizia. Msanii Candy Chang alilipatia hilo New Orleans, Marekani, mwaka 2011: alipaka rangi ya ubao, ile ya ubao wa darasani inayoandikika kwa chaki, kwenye ukuta wa nyumba iliyotelekezwa, akaandika "Kabla sijafa nataka…" mara nyingi na kuacha mistari wazi. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa.

Kwa hiyo, mkitaka ukuta kama huo mtaani kwenu, hangaikeni na sentensi kabla ya kununua chochote. "Una maoni gani kuhusu mtaa wetu?" ni swali la kikao, watu watapita tu. "Mtaa huu unakosa…" humalizika kwa neno moja, hata na mtoto wa darasa la tatu. Ijaribuni kwa watu kumi pale kwa muuza chai. Wakiuliza "yaani mnataka nini?", ibadilisheni.

Mstari wa sentimita 70 unatosha. Jina la kanga ni maneno machache na ujumbe unafika. Mstari wa chini kabisa uwe sentimita 60 kutoka ardhini, ili watoto na wanaotumia viti vya magurudumu waufikie.

Mkikosa rangi ya ubao dukani, chukueni rangi ya maji isiyong'aa, kikombe kimoja, na vijiko viwili vya chakula vya grauti ya vigae (unga wa kuzibia nafasi kati ya vigae) isiyo na mchanga. Changanyeni kidogo kidogo, maana huganda upesi. Pakeni mara mbili, acheni siku tatu. Halafu lazeni chaki ubavu, sugueni ukuta wote, mfute kwa kitambaa kikavu. Wengi huruka hatua hii, na maandishi ya kwanza yanaacha kivuli kisichotoka. Sentensi yenyewe iwe ya rangi ya mafuta, isifutike pamoja na majibu.

Ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi. Serikali ya mtaa nayo ijue.

Chaki tano tano kwenye kopo. Mkiweka boksi zima, jioni halipo. Fundi cherehani wa jirani aongeze chaki na kufuta matusi na majina ya watu. Ukuta ukijaa, upigeni picha, ufutwe: pasipo nafasi hakuna anayesimama.

Siku ya kwanza andikeni majibu matatu wenyewe, moja la utani. Yakiwa yote "amani" na "upendo", anayetaka taa ya choo cha stendi hataandika.