Hela ya kamera ya kwanza, usiimalizie yote kwenye bodi

Kila baada ya siku kadhaa napata meseji ileile, kaka nina hela kiasi fulani nataka kuanza kupiga picha nichukue kamera gani, na mimi najibu kwa swali lilelile, unataka kupiga nini na saa ngapi, hapo mtu ananuna kidogo maana alitaka nimtajie jina tu akanunue yaishe. Sa leo naandika yote sehemu moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe. Nilidunduliza karibu mwaka mzima, nikanunua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, mpya kabisa, toleo jipya, na lenzi nikachukua ileile inayokuja kwenye boksi, 18-55 (hizo ni milimita, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), hela ikaishia hapohapo hata memori kadi ya pili sikuwa nayo. Mchana nje picha zilikuwa tamu mpaka nikaanza kujiita fotografa. Halafu mpwa wangu akafanyiwa besidei, jioni, sebuleni, taa moja tu juu, keki mezani. Nikavuta zumu mpaka 55 ili niupate uso wake wakati anapuliza mishumaa. Kumbe ile lenzi ukifika 55 inafunguka f/5.6 basi, kamera ikanipa spidi ya 1/15 ya sekunde, mtoto mwenyewe anacheka anatikisa kichwa, kila picha uso kama mtu kaupitishia kidole rangi ikiwa mbichi. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, uso ukatulia kidogo ila chenga zikajaa mpaka keki huijui ni ya chokoleti au ya nini. Dada yangu aliishia kuweka picha alizopiga jirani kwa simu. Simu jamani! na mimi nimesimama pale na mkanda wa kamera shingoni.

Wiki mbili baadae rafiki yangu akaniazima 50mm f/1.8, kalenzi kadogo kepesi ka plastiki ambako mi nilikuwa nakadharau, nikapiga sebule ileile taa ileile, nikatamani kulia.

Sababu yake ni hii. Ile namba ya f inasema tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na inakwenda kinyume, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 kuja f/1.8 mwanga unaoingia unakuwa karibu mara 10, maana unagawa 5.6 kwa 1.8 unapata 3 na kidogo, halafu unazidisha jibu kwa lenyewe. Kwa hiyo palepale ambapo kamera ilinipa 1/15, kwa hii nyingine napata 1/125 na ISO sijaigusa. Kwa 1/125 mtoto anayecheka unamkamata, anayekimbia bado. Na hakuna bodi ya bei ya kuanzia ambayo itakuongezea mwanga mara 10 kwa sababu tu ni ya mwaka huu.

Ndo maana mi nasema bodi chukua ya zamani kidogo, iliyotumika, hela inayobaki iweke kwenye lenzi. Canon 700D ilitoka 2013 na ina megapikseli 18, Nikon D3300 na Sony a6000 zote za 2014 na zina 24, na ukizikuta zimetunzwa zinapiga picha ambayo mteja hawezi kujua imetoka kwenye kamera ya mwaka gani. Usitishwe na megapikseli. Karatasi ya A4 ukiiprinti vizuri kabisa kwa nukta 300 kila inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508, yaani haifiki hata megapikseli 9. Wewe picha zako nyingi zitaangaliwa kwenye kioo cha simu, na mtu kalala.

Sisemi bodi mpya hazina faida. Zinakamata jicho la mtu zenyewe na kulifuata akitembea, ambapo kwenye hizo za zamani unachagua kituo cha fokasi kwa mkono na ukizubaa unapata sikio liko shapu na macho yana ukungu. Ila hiyo unaizoea, mwezi mmoja wa kupiga kila siku unatosha. Kama lengo lako ni video hapo hesabu inabadilika, angalia kwanza kama ina tundu la maiki, maana sio zote, a6000 haina kabisa, na D3300 inalo halafu D3500 iliyokuja 2018 haina, sasa mtu ananunua ile mpya zaidi akijua kapanda kumbe kwa kazi yake kashuka.

Ile mada ya DSLR (zenye kioo cha kuakisi ndani) na mirolesi (zisizo na kioo hicho) watu wanabishana mpaka usiku wa manane, mi naipita haraka. Canon na Nikon walileta mlango mpya wa lenzi 2018, RF na Z, na nguvu zao wamehamishia huko, kwa hiyo DSLR zilizotumika zimejaa na bei imelegea, kwa mtu anayeanza hiyo ni neema. Mirolesi ni nyepesi na unaona kwenye kioo picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, ila inakula betri, we ukiichukua hesabia betri ya pili hapohapo.

Sasa lenzi, na hapa ndo watu wanapigwa kwa kutojua. Lenzi ya kampuni moja haiingii kwenye kamera ya kampuni nyingine hivihivi, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata ndani ya kampuni moja kuna mitego. Nikon zile ndogo, D3000 na wadogo zake mpaka D3500, na zile za D5000, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo ukinunua lenzi iliyoandikwa AF au AF-D, mfano ile 50mm f/1.8D ambayo unaikuta kwa bei ya kutamanisha, itaingia vizuri, itapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono mpaka uchoke. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Kwenye Canon, lenzi ya EF inakaa kwenye DSLR zao zote za digitali, za sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo na kubwa, ila EF-S ni ya sensa ndogo tu, siku ukihamia fulufremu, yaani ya sensa kubwa, unaiacha nyuma. Usimuulize muuzaji kama inaingia, atakwambia inaingia. Muulize kama inashika fokasi yenyewe kwenye bodi yako, na bora zaidi nenda na bodi yako uifunge palepale.

Kuhusu ipi, kila mtu atakwambia 50mm f/1.8, na ni kweli ndo ya bei rahisi, ile ya Canon ya STM ya 2015 ina gramu kama 160 tu. Lakini kamera za kuanzia zina sensa ndogo, kwa hiyo picha inakatwa, kwenye Canon unazidisha kwa 1.6 na kwenye Nikon na Sony kwa 1.5, ile 50 inaona kama 80 au 75 ya fulufremu. Kwa uso wa mtu mmoja ni tamu sana, nyuma kunayeyuka. Kwa familia ya watu saba kwenye chumba kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado shangazi wa pembeni kakatwa bega. Kama mambo yako mengi ni ndani na watu wengi, fikiria 35mm f/1.8 ya DX, yaani ya sensa ndogo, kwa Nikon, au ile bapa ya Canon 24mm f/2.8, haifunguki sana kama mwenzake ila inaona pana na inakaa mfukoni.

Na ile ya kwenye boksi usiitupe, mi niliitukana miaka miwili bila kosa. Nje kwenye jua ukiibana f/8 inakata kama wembe, na upana wa 18 hiyo 50 yako haina. Nyingi zina kituliza mtikisiko, kinasaidia mkono wako usiharibu picha ya jengo au chupa, ila hakimtulizi mtoto anayetingisha kichwa, hizo ni habari mbili tofauti na wauzaji wanapenda kuzichanganya.

Kwenye vitu vilivyotumika, nenda mchana. Mi lenzi yangu ya pili niliinunua giza limeshaingia, ndani ya gari, jamaa ana haraka, mi nina furaha, nikafika nyumbani nikamulika tochi nikaona ndani ya kioo kuna nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui. Fangasi. Nikampigia, simu haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo tochi ya simu unayo, fungua kava zote mbili, mulika kutokea nyuma huku unaangalia mbele kwa pembeni pembeni, vumbi chembe mbili tatu sio kesi, nyuzi au ukungu mweupe rudisha. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele, cha mbele kikikwaruzwa kidogo mara nyingi hata huoni kwenye picha. Kwenye bodi, weka f/16 upige ukuta mweupe fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi, halafu kuza picha, ukiona madoa meusi hilo ni vumbi kwenye sensa, linasafishika ila ni sababu ya kushusha bei. Shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga, nayo ina umri, hiyo D3300 Nikon walisema shata yake imejaribiwa mara 100,000, na picha za Nikon huwa zinabeba ndani yake hesabu ya mara ilizopiga ukizisoma kwa programu, Canon nyingi zinaficha. Nenda na memori kadi yako, piga picha 20 hivi, omba ukazitazame kwenye kompyuta kabla ya kutoa hela. Anayekataa hilo muage kwa heshima.

Mgawanyo wangu mimi, na wengine watabisha, ni kama nusu ya hela bodi, theluthi lenzi, kinachobaki memori kadi mbili nzuri, betri ya ziada na kitambaa cha kufutia. Begi la kamera linaweza kusubiri, mi nilibeba kwenye begi la shule nimeviringishia fulana. Filta za rangi na vile vilenzi vya kubandika mbele ya lenzi achana navyo kabisa.

Na kama tayari unayo ile 18-55 na hujui uongeze ipi, usiulize mtu. Chukua selotepu, gandisha zumu kwenye 35, piga wiki nzima hivyohivyo, ndani, nje, jioni. Wiki ya pili igandishe kwenye 50. Andika mahali kila ukigonga ukuta kwa mgongo, na kila ukitamani kusogea karibu ukashindwa. Mi nilikuwa na uhakika wote nataka 50, selotepu ikanihamishia kwenye 35 siku ya tatu tu, jikoni, nikijaribu kumuingiza mama na sufuria kwenye picha moja.